Kilo Saba za Masika

Kila alasiri benchi la dukani kwa Nasor, njia ya stesheni, huwa na watu watatu na dele moja la kahawa: Nasor mwenyewe, Mwarabu wa Tabora ambaye Oman hajaiona, Abbasi fundi cherehani, wanayemwita Futikamba, na Lugembe, mkulima wa Usoke, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Wiki ile ratili na inchi zilikuwa zimefutwa, zimeingia kilo na sentimita, na Nasor kaletewa mizani mpya ya mezani. Kuluthumu akawakuta hapo akitoka kliniki, mwanawe Masika mgongoni, akasimama kivulini, kadi ya mtoto mkononi.

— Mteja anataka ratili mbili za sukari, alisema Nasor. Miaka ishirini mkono wangu unapima wenyewe, leo nimekuwa mwanafunzi dukani kwangu.

— Afadhali wewe, alisema Abbasi. Mimi nimemshonea Mwalimu Sylvester suruali ya sentimita. Imeishia gotini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio.

— Nani kapona hapa?

— Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba, Futikamba. Wahenga walitaja kilo? Gunia langu la mpunga, ratili mia mbili, kwa Nasor linasoma tisini. Nyingine zimekwenda wapi? Watu wamefika mwezini mwaka huu, na kule kila kitu hupungua uzito. Mizani hii imetoka huko.

— Na mawe yako ya ratili, Nasor? aliuliza Abbasi.

— Nimeyarudisha kwa Bwana Mizani, mkaguzi wa serikali. Ni sheria.

Kuluthumu hakucheka. Kila kitu hupungua.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mwezi jana Masika alikuwa kumi na tano, leo kadi inasema saba, foleni ndefu, muuguzi kasema “haya, mwingine,” najua ni mizani mpya, shule nimesoma, lakini tulisoma ratili, na mama mkwe kaapa mtoto akipungua anamwachisha ziwa anamchukua Usinge, na treni yake inaingia kesho. Nauliza kimoja tu. Kilo moja ni ratili ngapi?

Abbasi akasogea kumpisha akae.

Nasor akainuka taratibu, akaenda nyuma ya magunia ya chumvi, akarudi na mizani ya zamani na mawe yake, vyote vimefungwa guniani.

— Si uliyarudisha? aliuliza Redio.

— Nilirudisha yaliyochakaa.

Wakatandika kanga, wakamlaza Masika kwenye sahani moja. Nasor akapanga mawe kwenye nyingine hadi ratili kumi na tano. Mtoto hakunyanyuka. Akaongeza robo. Hakunyanyuka. Alipoiondoa robo akaweka nusu, ndipo Masika akapanda polepole, anatafuna kidole.

— Kumi na tano na ushei, alisema Nasor. Kaongezeka huyu.

Kuluthumu akaomba penseli iliyokuwa sikioni kwa Abbasi. Kwenye kadi, pembeni mwa ile saba, akaandika: ratili 15 na ushei.

— Mfunike mwanangu, upitie uani, alisema Nasor, akifunga gunia. Bwana Mizani akiuliza, huyu hajapimwa hapa.