Chaki kwenye Mlango wa Chef de Gare

Benchi letu ni taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya matofali, mbele ya nyumba ya Zébédée, mstaafu wa reli tunayemwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni, ingawa hakuna treni iliyowahi kumtii hata siku moja. Mama Amida humimina kahawa ya tangawizi, Ismaeli muuza vitenge, tunayemwita Antenne kwa kunasa kila uvumi, humimina habari, nami nakunywa vyote viwili. Wiki ile serikali ya jimbo ilikuwa imekata shauri kwamba hakuna mtoto wa Kamina atakayekosa matone ya polio. Ikatangaza redioni, kanisani na msikitini, ikampa jirani yetu Kanyinda pikipiki na megafoni, na wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba: mtoto akinywa, kidole chake kinapakwa wino na mlango unapigwa alama ya chaki. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho, na mlango wa Chef ulikuwa na alama safi kabisa. Sisi wa benchi tulijua kwamba aliichora mwenyewe asubuhi. Timu ikaiona, ikapita, na mjukuu wake Théo akabaki anacheza mlangoni na kifuniko cha sufuria.

— Chef, akaanza Mama Amida, binti yako Valérie akirudia, utamuambia nini? Mutoto ni wake, na yeye iko Bukama anatafuta samaki.

— Nitamuambia nilimuchungia mutoto. Minyi nilitumikaka ku reli. Wagon ikipigwa musalaba ya chaki, banaitosha mu train, hairudie tena. Sasa banataka kupiga chaki ku nyumba yangu, nicheke? Nilipiga yangu mbele, bapite.

— Ya wagon na ya mutoto iko kintu moja?

— Chaki iko chaki.

Antenne akadakia:

— Mama, kinga iko bora kuliko tiba. Njo maana shiye tunakinga batoto, ile dawa isibafikie!

— Antenne, nikasema, ile methali umeikamata ku mukia.

— Weye kunywa kahawa. Juu ya nini quinine banauzisha, na hii banapana bure? Na ile wino ku kidole, muliionaka wapi?

— Ku uchaguzi, akasema Chef.

— Njo hiyo! Batoto beshaandikwa. Bakikomaa, kura yabo itajipiga yenyewe.

— Itajipiga namna gani? akauliza Chef.

— Kupitia tumbo!

— Bangu bote balikunywa, akasema Mama Amida. Mu tumbo yabo kura hayiyatoka. Kenye kilitoka ni maembe ya kuiba tu.

— Haraka haraka haina baraka, Chef akahitimisha. Théo aoe kwanza, kiisha tutaona mambo ya chanjo.

Tukacheka sana. Kule sokoni megafoni ya Kanyinda ilikuwa inaita kwa sauti iliyokauka: leo njo mwisho, bamama, leo njo mwisho.

Hapo akafika mama mmoja tusiyemjua, anasukuma baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Mgongoni alibeba mtoto mchanga. Nyuma ya baiskeli alikaa mvulana ameshika fimbo, na mguu wake mmoja ulikuwa umenyauka.

— Jambo, bapapa. Jambo, mama. Ninatoka Kabondo-Dianda. Kwetu barabara ilikufa, équipe ya chanjo hayiyafika. Nikasikia ku radio kama hapa banapana matone ya polio.

Akamgeukia mvulana.

— Uyu nilimukawisha. Mudogo wake sitamukawisha.

Kisha akaiona alama, na uso wake ukachangamka.

— Ah, hapa beshapita! Papa, uyu mutoto wenu njo alikunywa? Sikatae, minyi naogopa kidogo tu. Nyuma ya kunywa, alilala muzuri?

Antenne, mwenye majibu hata ya maswali ambayo hayajazaliwa, akainamia kikombe chake. Théo aliona anaangaliwa, akafikiri ni mchezo, akanyoosha vidole vyote kumi. Havikuwa na hata tone la wino.

Chef alisimama. Niliona haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya kicheko changu pia.

— Ku reli kulikuwa chaki ingine, akasema polepole. Ya kusema wagon iko muzuri, ipite. Kupiga ile chaki ku wagon yenye haukugonga magurudumu na nyundo kuipima, kosa ile hakuna mutu alisamehe. Inapita, na kule mbele inaangusha train nzima, na bantu ndani.

Akafuta mlango kwa mkono wa shati lake, akafuta mpaka rangi ya mbao ikatokea.

— Mama, hapa hakuna mutoto alikunywa. Twende pamoja. Wangu atakunywa wa kwanza, utamuangalia na macho yako.

— Chef, équipe beshapita! akasema Antenne.

— Nitabafuata. Bakipanda train, nitatembea ku reli mpaka nibakamate.

Akampakia Théo mabegani, akashika njia ya sokoni kuelekea ile sauti, yule mama akimfuata na baiskeli yake. Antenne akanyoosha kikombe chake kwa Mama Amida.

— Kahawa imeisha, akasema Mama Amida, huku birika likiwa bado zito mkononi mwake.

— Mama, si naona iko nusu...

— Imeisha, Antenne. Ile mama amechoka. Musukumie vélo yake.