Chanzo cha Insha

Fundi cherehani alikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la mjini, kwa hiyo alisikia yote bila kutega sikio. Dirishani alikaa muuguzi aliyerudi chuoni ukubwani, na kando yake mzee seremala asiyemjua. Muuguzi alikuwa akijisomea kwa sauti insha yake ya somo la Kiingereza cha kitaaluma, maana darasa lao lilikuwa likichambua kampeni za urais.

"Mwanangu, hapo umesemaje kwa lugha yetu?" mzee aliuliza.

"Kwamba, kwa taarifa zilizopo, huenda ahadi ya mgombea ya kujenga zahanati haikutekelezwa kikamilifu."

"Huenda? Jukwaa alilosimama akiahidi nililipigilia misumari mimi. Miaka mitano sasa, pale pa zahanati pameota majani tu. Andika amedanganya!"

"Nitakatwa maksi, mzee wangu. Kiingereza cha chuo hakimwiti mtu mwongo. Unasema unachojua, na umekijuaje."

"Basi ninayejua ni mimi."

Fundi cherehani aliitafuta kasoro katika hoja hiyo, akaikosa. Muuguzi naye aliikosa, akatoa kalamu. "Haya, nikutaje kama chanzo. Jina lako kamili, baba?"

Mzee alitazama mbele, kisha nyuma, macho yake yakagongana na ya fundi. "Hiyo karatasi inasomwa na nani?"

"Mwalimu tu, nadhani."

"Unadhani." Akauvuta karibu mfuko wake wa misumeno. "Juzi watu wake wameniita tena nikajenge jukwaa."

Basi likasimama. Mzee akaaga kwa adabu, akashuka, ingawa fundi alikuwa amemsikia akilipa nauli ya mpaka mwisho wa njia.