Walinitibu Kinywa kwa Sukari

Shikamooni wakubwa wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niwatie moyo. Nitajaribu, lakini nimekuja na hasira na sikuiacha mlangoni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya kule Mlali. Nafundisha watoto kusoma, na kazi hiyo inafanywa kwa mdomo. Mtoto asiyejua herufi anakutazama meno na ulimi, kisha anaiga. Fa. Va. Tha. Sijawahi kutamani kazi nyingine.

Nikapata mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki, kama mtu ananipitishia pasi ya moto. Hospitali moja, jina silitaji, wakaniandikia dawa ya mishipa ya fahamu. Dawa ilifanya kazi, lazima niseme ukweli. Nililala usingizi. Nikavaa sidiria tena bila kulia, akina mama mtanielewa.

Kilichofuata hakuna aliyenionya. Mate yalikauka. Nawaambia, ndugu zangu, hiyo si kiu. Kiu ukinywa maji inaisha. Hii unakunywa, na kabla hujaweka kikombe chini ulimi umeshaganda kwenye kaakaa. Ugali haukupita bila mchuzi mwingi. Darasani kila neno lilianza na mlio wa ulimi kubanduka, mpaka binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na hiyo *twa* tuiandike?"

Walimu wenzangu walicheka, kisha wakanihurumia. Mmoja, rafiki yangu sana, akaniletea ubuyu, ule mwekundu wenye sukari. Mnaujua: ukiufikiria tu, mate yanajaa. "Weka shavuni, mwaya, usitafune," akasema. "Ukiisha, weka mwingine." Na kweli mate yakaja. Nikawa nafundisha na ubuyu shavuni kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Nilirudi hospitali kueleza. Aliyenipokea hakuinua hata macho. Akasema ni hali ya hewa, ninywe maji. Mjini, kwenye duka la dawa, muuzaji akanipa vidonge vya kumung'unya vya asali na limau, akanihakikishia ndivyo vya kinywa kikavu. Sikusoma pakiti. Nani anasoma pakiti aliyopewa na mtu wa koti jeupe?

Meno yakaanza kuoza, na si kule juu tunakotafunia. Yalioza chini kwenye ufizi, kuzunguka jino zima. Yakawa ya kahawia, yakamegeka kama chaki. Daktari wa meno wa kwanza alichungulia akaniuliza huku mlango uko wazi na wagonjwa wengine wapo kwenye benchi wanasikia, "Wewe si mwalimu? Mwalimu gani hapigi mswaki?"

Nilikuwa napiga mswaki mpaka fizi zinatoa damu. Hakusubiri jibu. Aling'oa mawili ya mbele, akasema nirudi tumalizie yaliyobaki.

Shuleni, fa na va zikawa upepo mtupu. Watoto wakaniiga, darasa zima likapuliza. Mwalimu mkuu akaniita na kuniambia, kwa upole, kwamba muhula ukiisha atanitafutia kazi ya stoo ya vitabu. Hapo ndipo nilipovunjika. Maumivu ya ubavu nilikuwa nimeyamudu, hili sikulimudu.

Mume wangu akakataa nirudi kwa yule wa kung'oa. Tukaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja mtulivu. Akaingiza kile kioo chao kidogo, akakigusisha shavuni kwa ndani, akataka kukitoa. Hakikutoka. Kilikuwa kimenata. Akakibandua taratibu, akavua glavu, akavuta kiti.

"Mama, unakunywa dawa gani?"

Ndugu zangu, hilo tu! Swali hilo halihitaji mashine wala safari ya Dar. Wote wale niliopita mikononi mwao, hakuna aliyeuliza.

Nikamtolea kila kitu mkobani: dawa, ubuyu, vidonge vya limau. Akaisoma pakiti ya vile vidonge na kuniwekea kidole kwenye neno la kwanza kabisa: sukari. Akanieleza kwamba mate ndiyo yanayoosha meno, yanapunguza ukali wa uchachu na kuyarudishia madini. Dawa ilikausha mate. Vile nilivyopewa vya kuleta mate vikawa vinayala meno yasiyo na mate, kutwa nzima. Nikaanza kulia.

"Lia baadaye," akasema. "Hayo yaliyobaki hayang'olewi."

Alizungumza na daktari wa hospitali ile, dozi ikapunguzwa pole pole. Asitoke mtu hapa akaacha dawa kwa kichwa chake! Ubuyu na vidonge vya limau, akanikataza. Nikawa nakunywa maji funda dogo dogo, natafuna bigijii isiyo na sukari, natumia dawa ya meno yenye floridi nyingi aliyoniandikia. Akaziba matundu, akapaka floridi. Kinywa hakijarudi kama zamani, lakini hakuna jino jingine lililotoka. Mbele nikawekewa ya bandia, nikajifunza fa na va upya nikijitazama kwenye kioo. Mwalimu mkuu alikuja, akasimama nyuma ya darasa, akasikiliza, akaondoka. Darasa la kwanza bado ni langu.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mume wangu, aliyejifunza kupika mlenda ili ugali unipite. Rafiki yangu sina kinyongo naye, alinipa alichokuwa nacho. Lakini wale wa makoti, mlitegemea niseme nimewasamehe. Bado. Siku wakianza kuuliza wagonjwa wanakunywa dawa gani, nitafikiria.

Ninyi msisubiri waulize. Ukipewa dawa, uliza itakufanya nini mdomoni. Ukienda kwa daktari wa meno, mwoneshe dawa zako zote.

Na jambo la mwisho. Leo mmepokelewa mlangoni na sahani ya pipi, ukarimu wa kikundi chetu. Humu ndani wengi tunakunywa dawa za presha, za mishipa, za usingizi, na nimekuwa nikiwatazama wakati naongea: mashavu yamejaa. Naomba kila mwenye pipi mdomoni aitoe sasa hivi, aifunge kwenye karatasi. Mwenyekiti, anza wewe. Kisha tupitishe jagi la maji.