Safari Ambayo Mama Hakuambiwa

Deolinda: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Sema kwa nguvu!

Marisa: Mama, ni mimi.

Deolinda: Mimi nani?

Marisa: Marisa, mama! Mwanao!

Deolinda: Aa, Marisa! Ngoja, ngoja, usikate. Huku jikoni simu haishiki kitu. Natoka niende pale kwenye ukuta wa kanisa. [mlango, kuku, mkwaruzo] Tokeni hapa nyie, mnaniangusha! … Haya. Nimefika. Sema sasa.

Marisa: Shikamoo, mama.

Deolinda: Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Coimbra? Mkwe wangu Nuno je?

Marisa: Hatujambo. Nuno yuko kazini. Na wewe, hili joto—

Deolinda: Joto usiseme! Hata mijusi inagombea kivuli. Lakini nyanya, weee! Mwaka huu zimekubali mpaka nagawa. Padri nimempa kapu zima, kaniambia ataniombea. Nikamwambia usiniombee, nirudishie kapu. [anacheka] Zulmira! We jirani! Naongea na mwanangu, nakuja!

Marisa: Mama, mbona unapiga kelele hivyo, sikio langu—

Deolinda: Zulmira anasema umeadimika kama mvua ya Agosti.

Marisa: Msalimie. Mama, nina haraka kidogo. Nilitaka kukuomba kitu.

Deolinda: Omba.

Marisa: Tukuletee Tito akae nawe siku chache. Wiki ijayo.

Deolinda: Mbwa? Mlete, ana kosa gani yule. Nyie mnakwenda wapi?

Marisa: Ni… Nuno ana mambo ya kazi. Semina.

Deolinda: Semina.

Marisa: Eeh. Na mimi namsindikiza tu.

Deolinda: Vizuri. Iko wapi hiyo semina?

Marisa: Huku na huku. Kusini.

Deolinda: Kusini pakubwa, mwanangu.

Marisa: Ni ya kuzunguka, mama. Leo mji huu, kesho ule. Hata mimi sijui vizuri.

Deolinda: Basi beba nguo ya kuogelea.

Marisa: Ya nini?

Deolinda: Utafika Nazaré uishie kuyatazama maji kama paka?

Marisa: Nani kakwambia Nazaré?

Deolinda: Si umesema wewe?

Marisa: Mimi sijasema Nazaré.

Deolinda: Basi nimeota. Na Sesimbra nayo nimeota. Uzee huu, mtu anaota mchana.

[mkwaruzo]

Marisa: Mama.

Deolinda: Nakusikia.

Marisa: Sawa. Si semina. Ni mapumziko tu, mafupi. Sikukwambia kwa sababu… nilijua utajisikia vibaya.

Deolinda: Mimi? Watu wakienda baharini mimi nijisikie vibaya kwa nini? Bahari si ya baba yangu. Hebu niambie mnapita wapi na wapi. Hapa nina kivuli na ukuta wa kuegemea.

Marisa: Hakuna cha maana. Tunaanzia Nazaré, tunalala. Asubuhi tunashuka Sesimbra—

Deolinda: Kula samaki.

Marisa: Kula samaki, eeh. Halafu Milfontes. Halafu tunamalizia Tavira, tuvuke kwa boti kwenda kile kisiwa chenye mchanga.

Deolinda: Milfontes kukoje?

Marisa: Padogo tu. Mto unaingia baharini, basi. Maji yametulia, kama bwawa. Mimi ningepapita moja kwa moja, lakini Mama Nuno kapang'ang'ania, sijui kwa nini. Hata chumba kakitaka cha chini, kisicho na ngazi. Wakati yeye mwenyewe anapanda mlima kama mbuzi.

Deolinda: Maji yaliyotulia.

Marisa: Eeh.

Deolinda: Na chumba kisicho na ngazi.

Marisa: Ndiyo, mama, mbona unarudia?

Deolinda: Naona picha yake. Kwa hiyo mnakwenda na wakwe zako.

Marisa: Ndiyo. Wao, na sisi.

Deolinda: Na lile gari kubwa la Nuno.

Marisa: Limejaa, mama. Usione ukubwa. Viti vya ufukweni, miavuli, masanduku, vitu vya Baba Nuno vya kuvulia—

Deolinda: Mwavuli umepata kiti.

Marisa: Mama, usianze.

Deolinda: Sijaanza. Nafurahi kwa ajili ya mwavuli.

Marisa: Si mimi, mama! Ingekuwa ni mimi, ungekuwa wa kwanza kwenye gari. Lakini unawajua wale. Ukoo wa madaktari, wana utaratibu wao. Wanakula kimya, wanalala mchana, wanasoma vitabu. Ungechoka. Na wao… wao hawajazoea.

Deolinda: Hawajazoea nini?

Marisa: Watu wengi.

Deolinda: Mimi ni watu wengi?

Marisa: Mama! Unajua nachosema.

Deolinda: Sijui. Mimi mtu wa mlimani, nieleze polepole. Mama Nuno kasema nisije?

Marisa: Hajasema hivyo kwa mdomo. Lakini mtu unaona. Unaona tu.

Deolinda: Na Baba Nuno?

Marisa: Yeye vilevile.

Deolinda: Na Nuno, mkwe wangu? Yule niliyemfunga nyonga kwa majani ya kabichi alipoanguka kwenye ngazi?

Marisa: Nuno yuko katikati, maskini. Hataki kuwaudhi wazazi wake.

[mkwaruzo, upepo]

Marisa: Mama? Upo?

Deolinda: Nipo. Nilikuwa nakungoja.

Marisa: Unaningoja nini?

Deolinda: Nilitaka nione utafika wapi. Umefika mbali.

Marisa: Sikuelewi—

Deolinda: Mama Nuno alinipigia Jumapili, baada ya misa.

[upande wa Marisa, kiti kinakwaruza sakafu]

Deolinda: Haloo?

Marisa: Alikupigia… alisemaje?

Deolinda: Aliniuliza kanikosea nini. Akasema, Deolinda, dada yangu, Marisa katuambia hutaki kuja nasi, kwamba bahari huipendi. Akasema, nimekutafutia mahali penye maji yaliyotulia, na chumba kisicho na ngazi, na mume wangu anasema bila Deolinda hacheki. Njoo, bwana. Nakubembeleza. Mtu mzima ananibembeleza kwenye simu, Marisa. Na mimi nimesimama hapahapa, ukuta huuhuu, sina habari ya safari yoyote.

Marisa: Mama…

Deolinda: Usilie kwanza, sijamaliza. Unajua nilimjibu nini?

Marisa: Ulimjibu nini?

Deolinda: Nilimwambia ni kweli. Nikasema bahari sina ugomvi nayo, ila goti. Goti limevimba, daktari kanikataza safari. Mimi! Jana nimepanda mpaka kwenye mizinga ya nyuki ya Zulmira, nimeshuka na ndoo kichwani. Nikamwambia goti.

Marisa: Kwa nini? Kwa nini hukumwambia kwamba mimi—

Deolinda: Nimwambie nini? Kwamba mwanangu ananionea aibu? Akakutazame vipi mezani baada ya hapo? Wewe umeolewa kwao. Mimi nikidharauliwa najua pa kurudi, nina kuku wangu, nina Zulmira. Wewe ukidharauliwa kwao utakwenda wapi?

Marisa: Sikuonei aibu.

Deolinda: Marisa.

Marisa: Siyo aibu, mama, ni… Ni ile Pasaka nyumbani kwao. Ulikusanya mifupa ya mbuzi kwenye sahani zao. Za wageni wengine! Ukaifunga kwenye kitambaa cha meza cha Mama Nuno, kile cha kitani, kilichotariziwa na bibi yake—

Deolinda: Kwa ajili ya mbwa wako.

Marisa: Najua! Na ukavua viatu. Na ile hadithi ya askofu na punda, mbele ya yule kasisi mjomba wao. Nilitamani ardhi ipasuke.

Deolinda: Baba Nuno alilia kwa kicheko.

Marisa: Walikuwa wanakucheka, mama!

Deolinda: Hapana. Mimi nimechekwa maisha yangu yote, sauti yake naijua. Wale walicheka nami. Mezani pale hakuna aliyekaa kimya ila wewe. Nikuulize kitu. Siku ile ulikuwa unanikanyaga mguu chini ya meza.

Marisa: …Ndiyo.

Deolinda: Nilidhani unacheza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafanya hivyo, padri akija kula kwetu, ili unichekeshe. Nikasema moyoni, mtoto kafurahi leo. Ndiyo maana niliongeza hadithi ya punda.

Marisa: Mama, nisamehe.

Deolinda: Eeh.

Marisa: Nisamehe, mama. Sijui nimekuwaje. Nikiwa nao, nasikia kila neno lako kwa masikio yao. Siyo hata masikio yao… nayabuni mwenyewe. Halafu nikirudi nyumbani najichukia. Hata Nuno nilimdanganya. Alisema, mbona mama hapendi bahari, kila siku anatuuliza habari za bahari. Nikamwambia umri umembadilisha.

Deolinda: Waliotutangulia walisema mkataa kwao—

Marisa: Usiimalize, mama. Tafadhali.

Deolinda: Haya. Siimalizi.

Marisa: Njoo. Njoo nasi. Tutakuja kukuchukua, mimi na Nuno. Miavuli naitupa. Nampigia Mama Nuno sasa hivi namwambia ukweli wote—

Deolinda: Humpigii mtu.

Marisa: Lazima ajue ni mimi!

Deolinda: Ili wewe upumue, na mimi nionekane mwongo? Nimemwapia yule mama goti limevimba. Kaniambia ataniwashia mshumaa. Sasa mshumaa uzimwe?

Marisa: Basi njoo tu. Sema limepona.

Deolinda: Sitakuja, mwanangu. Wala si kwa hasira. Hasira ilikuwa Jumapili, Jumatatu nilikatakata kuni zote mpaka ikaisha. Sitakuja kwa sababu nikija sasa, kila tonge nitakalotia mdomoni nitakutazama uso kwanza. Nicheke, nikutazame. Nivue kiatu, nikutazame. Hayo si mapumziko, si kwangu wala kwako.

Marisa: Basi na mimi siendi.

Deolinda: Utakwenda.

Marisa: Siendi, mama. Nitakaa wapi na uso huu?

Deolinda: Utakaa nao mezani. Nazaré, Sesimbra, na hapo Milfontes penye maji yangu yaliyotulia. Chumba changu mlale wewe na Nuno, kisikae bure. Na kila mtakapofika, Mama Nuno atakuuliza, goti la mama linaendeleaje? Ndivyo alivyo, haachi kumuulizia mtu. Na wewe utamjibu.

Marisa: Mama, usinifanyie hivyo.

Deolinda: Mimi nimedanganya mara moja kwa ajili yako. Zinazobaki ni zako.

[mkwaruzo. Honi inapigwa kwa mbali]

Marisa: Naweza kuja kabla? Kesho? Nije peke yangu, nikuone tu.

Deolinda: Kesho hapana. Nipe muda niwe mama yako tena. Mkirudi, njoo. Mbwa aletwe na Nuno.

Marisa: Siyo mimi?

Deolinda: Nuno. [honi tena, karibu] We! Gari la mkate hilo! Zulmira! Mwambie asiondoke, nakuja! Haya mwanangu, huyu kijana akishateremka harudi mpaka Alhamisi—

Marisa: Mama, usikate! Subiri—

Deolinda: Nakimbia huku! Sema upesi!

Marisa: Nitajibu nini?

Deolinda: Nini? Unakatika!

Marisa: Goti! Wakiniuliza goti, nitasema nini?

Deolinda: [anahema, kokoto zinalia] Sema… Zulmira, mshike huyo! … Sema bado linauma.

Marisa: Mama—

Deolinda: Linauma, lakini anatembea. Umesikia? Haya, kwaheri, kwaheri—

Marisa: Mama? … Haloo? … Mama?