Helvi Lampi, Fundi wa Milango ya Mabehewa

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia ya Lampi nawaomba mnivumilie kidogo, niwasomee maisha ya mama yetu Helvi Orvokki Lampi, ambaye tumekuja kumsindikiza leo Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 huko Lappe, kijiji cha wahamiaji wa Kifini nje ya mji wetu hapa Kanada, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Eemeli na mama Saima Mattila, wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe, na alizaliwa katika chumba cha mvuke cha nyumbani kwao, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na joto na maji safi, na kina mama wote wa Lappe walijifungulia katika vyumba kama hivyo. Mwaka 1955 alianza shule ya msingi hapo hapo Lappe, ambako ndiko alikojifunzia Kiingereza, maana nyumbani kilisemwa Kifini tu, na mwaka 1963 aliendelea na sekondari mjini Port Arthur, ambao leo ni sehemu ya Thunder Bay, hadi mwaka 1965 baba yake alipoangukiwa na mti, ndipo akaacha masomo ili awasaidie wazazi, akaajiriwa katika mkahawa wa Mtaa wa Bay, akiwakaangia wakata miti chapati nyembamba za maziwa kuanzia alfajiri.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa ya kanisani na Reino Lampi, mfanyakazi wa maghala ya nafaka ya bandarini, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sirkka aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1974, na Erik aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1988, wakati mama mwenyewe alishasema kwamba kazi ya kuzaa ameimaliza. Mzee Reino alitutangulia tarehe 7 Mei 2004.

Tarehe 12 Aprili 1976 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha mabehewa hapa Thunder Bay, akapangiwa sehemu ya milango ya treni za chini ya ardhi za Toronto, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitatu, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009. Waliofanya naye kazi wanajua kwamba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kila mlango alioufunga aliujaribu, kuona kama utafunguka ukibana kitu, kwa kipande cha mbao chenye unene wa kidole, kisha akaujaribu kwa kidole chake mwenyewe, na msimamizi alipomwambia kwamba kipande cha mbao kinatosha, alimjibu kwamba abiria hawana vidole vya mbao.

Katika miaka hiyo yote marehemu hakuwahi kupanda treni ya chini ya ardhi hata siku moja, kwa kuwa mji wetu hauna treni hiyo, na Toronto ni mbali, na mwanzoni watoto walikuwa wadogo. Alipanga kwenda na Sirkka kiangazi cha mwaka 1990, akaanza mapema kuzisifu sandwichi za samaki atakazofunga, lakini tarehe 15 Januari mwaka huo treni ya abiria iliondolewa kwenye reli yetu, na sisi tunaowatengenezea watu mabehewa tukabaki mji usiokuwa na treni ya kupanda. Watu walimshauri apande ndege, ni saa moja na nusu tu, naye akakataa, akisema, "Nikaitazame treni kwa kupanda ndege? Hiyo ni kumtembelea mtu kwa kupitia dirishani." Basi la barabarani nalo alilikataa, akaapa kwamba ataisubiri treni irudi, na kaka yake Veikko alimtania kila Krismasi kwamba treni itarudi imkute keshakuwa udongo, na yeye alimwongezea kahawa tu. Hivyo aliisubiri miaka thelathini na mitatu.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya kula, na tarehe 14 Juni daktari aligundua kwamba ana saratani ya kongosho, tena imeshasambaa, akatuambia kwa upole kwamba tuhesabu miezi. Marehemu alimshukuru daktari, akavaa koti, na ndani ya gari jambo alilolisema lilikuwa moja tu, kwamba sasa hata treni ikirudi haitamkuta.

Mke wa Erik, ambaye ndiye anayewasomea haya, ni mzaliwa wa Armstrong, na kwao huko kaskazini treni itokayo Winnipeg kwenda Toronto bado hupita mara mbili kwa wiki, nayo husimama ukiwa umeomba, ila alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe wake, akidhani kila mtu anajua, na pia kwa sababu mtu anayetaka kwenda kusini hapelekwi kaskazini. Alipomwambia, marehemu aliweka kikombe mezani, akauliza, "Na wewe umekaa na siri hiyo nyumbani kwangu miaka minne?" Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Jumatatu tarehe 11 Septemba waliondoka alfajiri, marehemu, mkwewe, na mjukuu wake Wesley aliyekuwa na miezi saba, Erik akawapeleka kwa gari mwendo wa saa tatu hadi Armstrong, ambako treni ilichelewa saa nane ikizipisha treni za mizigo, nao wakaisubiri kwa bibi yake Wesley wa upande wa pili, wakila mkate wa kukaanga, na marehemu hakulalamika, alisema aliyesubiri miaka hahesabu saa. Usiku wa Jumanne walifika Toronto, wamekuja kwa reli kama alivyoapa.

Jumatano tarehe 13 Septemba walishuka chini ya ardhi kwenye njia itokayo kituo cha Kipling hadi kituo cha Kennedy, ambayo mabehewa yake ni ya kwetu, na la kwanza lililosimama mbele yake alilitambua kwa namba, akapigwa vikumbo na watu waliokuwa wakiharakisha, akabaki amesimama, milango ikafunguka, watu wakatoka. Inafaa tuelewe kilichomshangaza. Kiwandani alikuwa ameifungua milango hiyo mara zisizohesabika, na kila mara ndani hamkuwa na mtu. Sasa ilifunguka, wakatoka wanawake wenye watoto mgongoni, wazee, wanafunzi, mafundi wenye madoa ya rangi, wakatoka wengine, na wengine, na hakuna hata mmoja aliyeuangalia mlango, na dakika tatu baadaye ikaja treni nyingine na watu wengine kabisa. Alimshika mkwewe mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni wengi hivi." Waliziacha treni sita zipite kabla hajakubali kupanda.

Walikwenda mwisho hadi mwisho mara nne, yeye akiwa amesimama kando ya mlango, na huko Kennedy mfanyakazi anayeifungua na kuifunga milango kutoka nyuma ya treni, kijana wa asili ya Trinidad aitwaye Kester, alimuuliza kama amepotea. Alipoelezwa, kijana alivua kofia, akasema, "Bibi, nimeifungua milango hii miaka kumi na moja, sikujua kama ina mwenyewe." Marehemu akamjibu, "Ina wenyewe wengi, mwanangu. Mimi nimetumwa tu kuangalia."

Hakuna aliyekuwa amemtuma, lakini aliporudi alifanya kama mtu aliyetumwa. Aliwaita wenzake wa kiwandani mmoja mmoja, akiwa amelala kwenye kochi, akampa kila mtu habari ya kazi yake, na Bi. Pauline Gervais aliyeshona viti alielezwa juu ya muuguzi aliyelala kitini mdomo wazi vituo kumi na mbili, na Bwana Orest Hnatiuk aliyetandika sakafu alielezwa juu ya mtoto aliyeendesha kigari cha kuchezea toka mlango hadi mlango. Ugonjwa ulimzidi kabla hajamaliza. Tarehe 20 Novemba alilazwa hospitalini, na siku hiyo alimtajia mkwewe majina matatu yaliyobaki, akamwambia awape yeye habari zao, na mkwewe aliposema kwamba hawezi kuongea mbele za watu, alimjibu, "Hutaongea. Utasoma."

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 26 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa wale wa zamu ya asubuhi waliomsuka nywele, majirani mliotuletea kuni na mikate ya iliki hata meza ikakosa nafasi, mchungaji wetu, na wafanyakazi wenzake wote mliosimama pale nyuma.

Na miongoni mwenu, Bi. Ingrid Toppari, uliyefunga vyuma vya kushikilia, marehemu amesema mzee mmoja alishika chuma, na kijana akashika chini ya mkono wake, na mama mwenye mizigo akashika chini ya kijana, na hawakujuana, na hakuna aliyeanguka.

Bwana Aldo Ferrante, uliyefunga taa, amesema msichana alisoma kitabu handakini kuanzia mwanzo hadi mwisho wa njia, na hakukisogeza karibu na macho hata mara moja.

Bwana Leo Kuzyk, uliyeziba madirisha, amesema kuna mahali treni hutoka handakini ikapita juu ya bonde, mwanga ukaingia ghafla kwa madirisha yote, na behewa zima, hata waliokuwa na simu mkononi, wakainua vichwa wakatazama nje.

Mama, wote watatu wameshapata. Upumzike sasa.