Vipande vya Picha ya Pamela

Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, Baba Paroko, Shehe wetu, ndugu wageni waalikwa, nawe Mzee Osmund tunayekuaga leo: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni Skolastika, mama yake Pamela. Fundi wetu huyu wa mtandao anastaafu, na ameniomba nisimsifu sana. Hilo sitaliweza.

Mnakumbuka Pamela alipoanguka na bodaboda hapa Madaba? Aliumia shingo. Je, tumpakie kwenye gari, atikisike njia nzima mpaka Songea mjini, au tumwache alipolala hapa kituoni? Wa kuamua alikuwa daktari bingwa aliyeko mjini, naye alitaka kwanza aione picha ya eksirei. Ikatumwa kwa intaneti. Haikufika.

Ilizuiwa na nini? Na upendo wetu, ndugu zangu. Sisi mgonjwa akilazwa hatumwachi peke yake. Ukoo wote ulikuja, na majirani, na kituo kwa ukarimu wake kikawapa wageni nywila ya intaneti kama mtu anavyomkaribisha mgeni maji ya kunywa. Uwanja mzima ukawa simu za video, jamaa wa Tunduru na Dar wanaonyeshwa machozi yangu.

Mzee Osmund akatoka nje. Hakufoka.

"Wazazi wangu," alisema, "picha ya mtoto haisafiri nzima. Inakatwa vipande. Kila kipande kimeandikwa kinakotoka, kinakokwenda na nafasi yake kwenye picha. Vingine vinatangulia, vingine vinachelewa, kule vinapangwa upya. Kila kinachofika kinajibiwa kwamba kimepokelewa. Kisipojibiwa, kinatumwa tena. Sasa vipande vya simu zenu za video na vyake vinagombania mlango mmoja, na vyake vinapotea. Naombeni mzime simu."

Jirani yetu Bi Zuhura akamjibu, "Baba, tuko kwenye dua na wenzetu wa Tunduru."

"Dua haihitaji intaneti, mama. Picha inahitaji."

Angeweza kutufungia intaneti wote kimyakimya akiwa ofisini kwake. Alichagua kutueleza, ili na sisi tuwe tumemsaidia mtoto. Bi Zuhura alikuwa wa kwanza kuzima, na wengine wakafuata. Tukasubiri, nami niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Ndipo daktari akapiga simu ya kituo: "Picha imefika yote. Msimsogeze hata kidogo, nakuja mwenyewe." Shingo ilikuwa imevunjika. Baadaye alituambia kwamba barabara ile ingemmaliza.

Mzee Osmund, ulitufundisha kwamba anayetuma hatulii mpaka ajibiwe. Umetutumikia miaka mingi, na wengi wetu hatujakujibu.

Pamela mwanangu, inuka. Tembea mpaka pale alipokaa babu yako Osmund, umshike mkono, umwambie mbele ya watu wote kwamba alichotuma kilifika.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea sikio.