Wasifu wa Talweni, Mpokea Mikuki wa Lango la Kesharu

Talweni binti Orushu alizaliwa siku ya nne ya mwezi wa Mawele, mwaka wa pili wa utawala wa Mfalme Ishadel, katika mtaa wa wachonga mawe hapa Kesharu. Wanne waliomtangulia hawakumaliza hata mwaka mmoja, kwa hiyo alidekezwa, na mwenyewe hakuwahi kukana.

Darasa hakuliona. Baba yake, aliyekuwa mpokea mikuki wa Lango Kuu, alimfundisha palepale langoni kutambua mkuki wa kila kikosi, na sheria moja tu: hakuna mkuki unaoingia mjini, hata wa jemadari, kwa sababu mwenye jeshi akiingia na chuma mkononi atakitamani kiti cha mfalme. Alirithi kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa na akaifanya kwa miaka arobaini na mmoja.

Wazee mnakumbuka jinsi Jemadari Haldru alivyorudi vitani amelewa ushindi na pombe, akagoma kutoa mkuki. Mama yangu, Talweni, akamuuliza mbele ya umati, "Sasa huo utalala nao wewe, na mkeo alale na nani?" Watu walicheka mpaka Haldru mwenyewe akacheka, akautoa.

Aliolewa na Kethu, mshona ngao, wakajaliwa watoto watatu. Kethu aliuawa vitani Daraja la Chumvi, akarudishwa juu ya machela. Kwa desturi yetu, machela ya maiti ikipita, mpokea mikuki huipa mgongo wala haifunui. Tangu siku ile mama aliishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote.

Siku ya pili ya mwezi wa Mavuno mwaka huu, Jemadari mpya, Vekmoru, alifika langoni na machela saba zilizofunikwa sanda.

"Mama, tumefiwa," alisema. "Tupishe tukawalaze wenzetu."

"Poleni wanangu. Piteni," mama alijibu, akageuka.

Chini ya sanda hamkuwa na maiti. Ilikuwamo mikuki. Kufikia adhuhuri walinzi wa Mfalme walikuwa wamekufa wote, na tangu hapo tunaambiwa Mfalme anapumzika, na kwamba Jemadari atatufikisha hadi baharini, nchi zote zilizo katikati ziwe zetu. Najua yupo hapa, safu ya mbele, na mkuki wake mapajani. Nasoma hivyo hivyo.

Mama aliacha kula. Kifua kikambana. Jemadari alimtumia tabibu na chungu cha asali, naye akamrudishia ujumbe: "Mwambieni asali ninayo. Mkuki wake ndio sina." Alifariki alfajiri ya jana, siku ya kumi na moja ya mwezi wa Ukungu, akiwa na miaka sitini. Alikufa kwa aibu isiyokuwa yake, na jambo hilo linaniuma sana.

Ameacha mabinti wawili, Dashri na Omelu, wajukuu sita, na mimi Sirodo, kitinda mimba, niliyerithi kazi yake.

Makaburi yetu yako nje ya ukuta, Jemadari, na njia ya kurudi ndani ni moja. Mimi nitatangulia. Ukifika langoni utanikuta nimesimama, nimekunyooshea mikono yote miwili.

Mama, pumzika. Zamu ni yangu.